Mgeni Asiyeandikwa Getini

Febronia amefanya kazi masijala kwa miaka kumi na tisa, na mimi nimelinda geti la ofisi hiyohiyo kwa miaka kumi na miwili. Ofisi siitaji. Ipo Ifakara, inahusika na ardhi, inatosha.

Ukimwona Febronia utamdhania mkali, na ni mkali kweli. Jalada halitoki chumbani mwake bila kuandikwa tarehe, namba na jina la anayelichukua. Nimewahi kumwona akimsimamisha ofisa mzima mlangoni, mvua inampiga, kisa hajatia saini. Mtu mmoja tu alikuwa hamwandiki, naye ni mkuu wetu, Bwana Dionisi. Jalada likienda kwa mkuu linahesabika halijatoka. Mimi nami getini nilifanya hivyohivyo, maana kitabu cha wageni ni cha wageni.

Mwaka jana Bwana Dionisi aliacha kazi. Hata miezi minne haijapita, tukasikia ameajiriwa na kampuni ya mashamba, ileile aliyoinyima ardhi ya kijiji cha Mbingu. Barua yake ya kuondoka ilikuwa na sharti: kwa miaka miwili asikanyage ofisini kwetu kwa jambo lolote la mwajiri wake mpya. Nakala aliihifadhi Febronia. Tuliisoma, tukacheka, tukaendelea na kazi.

Basi ikawa Machi, Jumanne, saa saba mchana. Mvua ilikuwa imekatika ghafla na umeme nao umekatika. Ofisi nzima ilinyamaza hadi nikawa nasikia vyura mtaroni. Gari likasimama. Nikafungua geti, nikapiga saluti. Bwana Dionisi akapita taratibu na koti lake lilelile la kijivu. Sikitu, anayetupikia chai, akapeleka kikombe kwenye chumba cha zamani cha mkuu bila kuagizwa. Febronia akasimama, akasema shikamoo, akafungua kabati na kumpa jalada la Mbingu. Anasema mzee hata namba hakuitaja. Alinyoosha mkono tu.

Baada ya nusu saa gari likatoka. Mvua ikarudi, ikafuta alama za matairi uani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba kuna jambo limetokea. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Wiki mbili baadaye akaja mkaguzi kutoka mkoani, mama Mboni, mpole wa sauti. Wakulima wa Mbingu walikuwa wamelalamika kwamba kampuni inapigilia vigingi kwenye mashamba yao ya mpunga. Alitaka jalada, hasa ule ukurasa ambao Bwana Dionisi aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba ardhi ile ni ya kijiji. Febronia akafungua kabati. Jalada halikuwepo.

"Nani kalichukua?" mama Mboni akauliza.

"Bwana Dionisi," akajibu Febronia. "Nilimpa mwenyewe. Nimekosa."

Tukahojiwa mmoja mmoja. Nikaleta kitabu changu. Siku ile hakukuandikwa mtu. Sikitu akasema hakumpelekea chai mgeni yeyote. Wenzetu wanne wakasema hawakuona mgeni. Nami nikasema hivyohivyo, tena kwa sauti kavu. Sijui kama tulidanganya. Nilipojaribu kukumbuka, niliona geti, niliona mkono wangu kwenye kofia, lakini pale penye uso wake palikuwa kama kioo chenye mvuke. Niliogopa, nasema kweli.

Tangu hapo watu wakawa wanamzungumzia Febronia kwa kunong'ona. Walimpa pole bila kusema ni ya nini. Mkuu mpya akakataa kukikalia chumba cha mwenzake, kikafungwa kwa ufunguo. Siku ya mwisho ya mkaguzi, saa nne asubuhi, Febronia akaja getini. Alikuwa amekonda.

"Baba Sumayya," akasema, "sikuombi uandike popote. Niambie mimi tu. Alikuja, au kichwa changu kimeharibika?"

Mama huyu anajua kila karatasi ya bonde hili ilipolala, na sasa alikuwa anamuuliza mlinzi kama akili zake ni nzima. Nikaona aibu hadi masikio yakapata moto.

"Alikuja," nikasema. "Nilimfungulia, na saluti nikampigia."

Akashika nguzo ya geti, akalia bila kutoa sauti. Kisha akajifuta uso kwa kiganja, akarudi masijala.

Nikafunga geti, nikamfuata mama Mboni kwenye chumba cha mikutano, nikaomba maelezo yangu yaandikwe upya. Akaniuliza kama najua kwamba nitawajibishwa kwa kumpitisha mtu bila kumwandika. Nikamwambia najua.

Mimi na Febronia tumesimamishwa kazi. Jalada halijaonekana, na Sikitu tukipishana naye njiani anatazama pembeni. Kampuni imeambiwa isipigilie kigingi kingine mpaka shauri liishe, kwa sababu maelezo yetu wawili yaliyokwenda mkoani yanalingana. Jana nimekutana na Febronia sokoni, ananunua dagaa. Hatukuzungumza mengi. Kabla hatujaagana akaniambia amepata usingizi, kwa kuwa sasa tuliomwona ni wawili.