Hamsini za Bwana Thurlow

Ambrose Thurlow aliichezea kaunti yake kriketi kwa miaka mingi bila kulipwa hata peni, na waliomwona akicheza walikubali kwamba bei hiyo ilimfaa. Enzi hizo nahodha wa timu sharti awe muungwana asiyepokea mshahara, na katika kaunti nzima waungwana wenye nafasi siku za kazi walikuwa yeye na mjomba wake mwenye jongo. Basi Ambrose aliingia uwanjani kwa lango la mbele. Wachezaji wa kulipwa, yaani wale waliojua kucheza, walipitia ubavuni, karibu na choo.

Alikuwa ameapa kwamba hastaafu mpaka apate mikimbio hamsini, yaani pointi hamsini kwa gongo lake mwenyewe, katika mechi moja. Kiapo hicho kiliwatesa watu wengi, hasa Jethro Yelland, mpigaji wa kulipwa aliyechoka kufukia makosa ya nahodha wake.

Agosti moja, muujiza ukatokea. Majirani waliokuja kucheza nao walimhurumia Yelland, wakamrushia Ambrose mipira milaini kama maandazi. Akafika arobaini na nane! Saa ya chai, ambapo mchezo husimama, ikagonga, na huku wingu jeusi limeshatanda juu ya kanisa.

"Bwana," Yelland akamnong'oneza, "mwombe mwamuzi tuendelee kidogo. Mbili tu!"

"Haiwezekani, Yelland. Wageni wana kiu."

"Waulize basi!"

Nahodha wa wageni akapaza sauti: "Thurlow, rafiki yangu, hatuna kiu hata chembe!"

"Unasema hivyo kwa adabu tu."

"Haki ya Mungu, mimi sina adabu yoyote! Piga mpira!"

Ambrose akatabasamu. Aliyelelewa vizuri huikataa chai mara ya kwanza, na mwenyeji aliyelelewa vizuri hamsikilizi. Alizitamani zile mbili kuliko kitu chochote duniani, lakini akaweka gongo kwapani, akawaongoza wageni kwenye sandwichi za matango.

Mvua ilianza kwenye kikombe cha pili. Ikanyesha mpaka jioni, waamuzi wakavunja mchezo.

Ambrose alisimama dirishani akiitazama mvua. Alipogeuka, akakuta timu zote mbili zimeinamisha vichwa kama wafiwa. Yelland machozi yalimlengalenga.

"Jamani," Ambrose akasema, uso ukimng'aa, "kumbe mnanipenda hivi! Msihuzunike. Mwakani nipo."

Yelland akachukua kipande cha keki, akakitafuna kama kimemkosea.