Jaji Asiyefukuzika

Kabla ya kuja Jeddah kuwa dereva, nilifundisha historia na serikali katika sekondari moja huko Kenya, na usukani haujanitoa ualimu. Binti wa bosi wangu aliligundua hilo, akawa ananiuliza maswali ya mtihani kila nikimpeleka chuoni.

Asubuhi moja baba yake alikuwa nasi, macho kwenye simu. Binti akauliza kama rais wa Marekani anaweza kumfukuza jaji wa Mahakama ya Juu.

"Hawezi," nikasema.

"Hata aliyemteua yeye mwenyewe?"

"Hata huyo. Rais anaamrisha jeshi, anawafuta kazi mawaziri atakavyo, anakataa kutia saini miswada. Lakini jaji akishaidhinishwa na seneti na kula kiapo, rais hamgusi tena. Ni bunge tu linaloweza kumwondoa, tena kwa kosa zito."

Sauti yangu ilikuwa imeshapanda kama ya darasani. Sehemu hiyo ya katiba yao naipenda mno, na sioni haya kusema: mtu anakupa kazi, unamwamulia kesi ashindwe, na kesho yake unaingia ofisini kama kawaida.

Baba akainua macho. "Yaani kazi amempa yeye, halafu hawezi kumrudisha kwao?"

"Hawezi, baba," binti akamjibu.

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye simu yake. Mimi nikashika usukani kwa mikono miwili, ikama yangu, kile kibali cha ukaazi chenye jina lake kama mdhamini anayeweza kukifuta, ikiwa mfukoni mwangu, nikaendesha taratibu kuliko siku zote.