Hodi Tatu za Moza

Mwatum binti Nyange alikuwa mwanamke wa haraka, na haraka yenyewe haikuwa na safari. Ukimwona asubuhi akishuka pwani ya Chokocho kufukua makumbi ya nazi aliyoyazika matopeni, ungedhani nyumbani kwake kunaungua. Alikula kasimama. Chai aliinywa ya moto mpaka ulimi ukafa ganzi. Na sala zake ndizo zilizomchosha jirani yake, Bi Hija, mtu ambaye hakujaaliwa kunyamaza.

"Mwanangu, sijida gani hiyo?" alikuwa akimwambia. "Kama kuku adonoa mtama."

Mimi sikumlaumu, na waliomlaumu nyumba zao zilijaa watu. Mwatum alifiwa na mumewe, Shaame, mwaka ule wa uchaguzi, wala hawakuwa na mtoto. Tangu atoke eda, nyumba ilikuwa na kimya asichokiweza, akakitafutia dawa ya kelele. Kutwa alikaa uani na gongo lake akiponda makumbi, apate usumba wa kusokotea kamba. Likiisha moja alivuta jingine kabla hajashusha pumzi.

Jambo la pili lililomla ni Moza. Hao walikuwa ndugu wa ziwa: mama yake Mwatum aliugua baada ya kujifungua, na mama yake Moza ndiye aliyewanyonyesha wote wawili. Wakakua hawaachani. Kisha ikaja siasa, ile iliyowatia watu wazima wazimu, huyu haingii duka la yule, yule hali harusi ya huyu. Wanaume waliianza, wanawake wakailipia. Mume wa Moza alikuwa chama kimoja, Shaame kingine. Shaame alipokufa, Moza hakuonekana msibani wala kwenye hitima. Mwatum akasema hatamsamehe, na kila siku akamngoja. Yote mawili yalikaa kifuani mwake wala hayakugombana.

Siku moja baada ya alasiri, Bi Hija alikuja kuomba kaa la moto.

"Mgeni wako jana hakukaa," akasema.

"Mgeni yupi, Bi Hija?"

"Moza. Nlimwona mie, nipo jikoni kwangu. Kapiga hodi, kangoja. Kapiga ya pili, kangoja. Ya tatu sauti ishamkauka. Na weye waponda tu. Kajifunika buibui lake kenda zake."

Kwetu hodi ni tatu. Usipoitikiwa ya tatu, umeshaambiwa rudi, na mwenye adabu hurudi bila kinyongo, au huficha kinyongo chake mpaka afike kwake. Mwatum alilisahau hata kaa aliloombwa, kwa sababu hodi aliisikia. Hakusikia kuwa ni Moza, lakini kati ya pigo na pigo alisikia kitu kama sauti ya mtu mlangoni, akajiambia: nimalize kwanza hili kumbi. Likamalizika, akavuta jingine.

"Mfuate," Bi Hija akasema.

"Uso wa kumfuatia nnao?"

Toka siku hiyo, kila alipomaliza kumbi moja aliweka gongo chini, akatulia, akasikiliza mlangoni. Alikuwa akimsikilizia Moza tu. Moza hakuja. Yakaja mambo mengine: kunguru juu ya makuti, mtungi unaovuja, pumzi zake mwenyewe. Na likaja lile alilokuwa akilikimbia siku zote. Shaame alikuwa na kikohozi, na sasa chumbani hakukohoa mtu. Mwatum akainama juu ya usumba akalia kilio ambacho eda nzima kilikataa kutoka. Hakuna aliyekuja kumnyamazisha. Aliponyamaza mwenyewe alichota maji, akayanywa amekaa.

Sitakudanganya kwamba alipata raha. Upweke ukiukalia kitako haupungui, unaujua tu ulivyo. Lakini mwili wake ulianza kutii. Muhogo aliutafuna akijua kuwa ni muhogo. Sijida zikarefuka, mpaka Bi Hija akapata lawama mpya: "Leo kalala humo humo?"

Ramadhani ikapita, Idi ikapita, Moza kimya. Ndipo Mwatum alipovaa buibui akapanda mpaka kitongoji cha juu, kwa Moza. Alichagua wakati mume wa Moza yuko shamba. Mlango aliukuta umefungwa.

"Hodi."

Akangoja.

"Hodi, Moza."

Akangoja tena. Angekuwa yule Mwatum wa makumbi, angesema hapana mtu, akaondoka. Lakini kimya cha nyumba tupu alikijua kuliko mtu yeyote Chokocho, na hiki hakikuwa chenyewe. Nyuma ya mlango kulikuwa na mtu anayezuia pumzi.

"Hodi," akasema ya tatu, taratibu.

Hakuitikiwa. Adabu ilimtaka arudi, na ya nne hakuipiga, kwa kuwa haikuwa haki yake. Akausemesha mlango.

"Moza, siku ile sikukufukuza. Nlikuwa napiga makumbi, nkashindwa kuliweka gongo chini. Mie nakungoja toka siku ya maziko."

Mwatum akakaa kizingitini, mgongo kwenye mlango, mikono mapajani bila ya kazi. Jua likateremka kwenye mikarafuu. Hakupiga hesabu ya jambo lolote lililomngoja nyumbani, maana halikuwepo. Baada ya muda akasikia nguo ikiburuzika kwenye mbao, polepole, kutoka juu kwenda chini. Moza naye alikuwa amekaa, mgongo wake upande wa pili wa mlango, na wote wawili wakabaki hivyo hivyo bila ya neno mpaka ikaadhiniwa magharibi.