Utalii wa Shemeji na Mikorosho ya Mama Mkwe

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alirudi kutoka Arusha na suruali yenye mifuko mpaka magotini na neno moja tu mdomoni: utalii. Huko alikuwa akiwabebea watalii mahema. Sisemi ni kazi mbaya. Maisha yangu yote nimeshika chaki, siwezi kumcheka mtu aliyebeba mzigo. Ninachomcheka ni kwamba aliposhuka kwenye basi pale Ruangwa, mzigo ulikuwa umeshageuka cheo. Alijiita mtaalamu. Akaitazama Nandagala alikozaliwa, akatazama mikorosho na vumbi na mbuzi wa jirani, akatangaza kwamba tumeukalia utajiri kwa ujinga wetu.

Mpango wake ulikuwa wa siku moja yenye mambo matatu. Asubuhi watu waendeshe baiskeli kwenye njia za vumbi, mchana watembee ndani ya korongo, alasiri wapande boti. Alisema wapo watu wanaopanda ndege kutoka Ulaya ili wafanye hayo. Mimi natoka Uchagani. Mlima wenyewe nimeuona tangu nazaliwa na sijawahi kuupanda, kwa hiyo mtu anayelipa ili achoke sijawahi kumwelewa. Nilimwambia mke wangu kwamba mdogo wake amepata hamnazo za kaskazini. Hakucheka, na nilijua kwa nini.

Ilikuwa ni habari ya shamba. Chini ya nyumba ya mama mkwe kuna mikorosho, na nusu yake aliipanda mwenyewe akiwa na mke wangu mgongoni. Ndiyo inayomlisha. Shemeji alitaka ikatwe yote, pajengwe kambi ya mahema na baa. Kwa Wamwera wa huku ardhi hufuata upande wa mama, na msemaji wa upande huo ni mjomba. Mama mkwe analima, anapalilia, anaokota, lakini kauli ya mwisho ni ya kaka yake. Siku moja shamba lile lilitakiwa lije kwa mke wangu na dada yake. Sasa mjomba alikuwa ameahidi: ataiona kwanza hiyo kazi ya utalii, na ikimpendeza atatoa neno palepale mbele ya watu. Neno la mjomba likishatoka mbele ya watu halirudishwi mdomoni.

Msije mkadhani huyo mjomba ni mzee wa busara. Ni mzee wa kofia. Ukimwita mgeni rasmi, ukampa kiti cha mbele na soda yake ikafunguliwa kabla ya za wenzake, unaweza kumuuzia hata bomba la mvua. Shemeji alilijua hilo vizuri kuliko alivyoujua utalii. Alimchapishia fulana ya kijani iliyoandikwa MLEZI mgongoni, na kofia ya rangi hiyohiyo. Mama mkwe alikuwa amekwenda kwa kaka yake huyo mapema, akamwambia kwa upole kwamba mikorosho bado inazaa. Mjomba alimjibu, "Tutaona."

Nami sikuwa na mdomo. Mimi ni mkwe, tena wa kuja, mwalimu niliyepangiwa Nachingwea nikaoa hukuhuku. Tangu nioe sijawahi kukaa karibu na mama mkwe. Nikimwona njiani naacha njia, naingia kwenye majani. Yeye akiniona anavuta kanga usoni na kupita mbali. Akitaka kuniambia jambo anamwambia mwanangu, mimi nikiwa nasikia kila neno nyuma ya ukuta, kisha mtoto anakuja kunisimulia yaleyale. Mwaka wa kwanza niliona ni vichekesho. Baadaye niliona ni adabu nzuri kuliko ya kwetu, ambako mama mkwe anakufokea mezani.

Basi siku ikafika, mwezi wa saba. Watalii wa majaribio tulikuwa mimi, mke wangu, mjomba, na walimu wenzangu wawili kutoka Nachingwea, mmoja wa hisabati na mmoja wa michezo, ambao walikuja kwa sababu waliambiwa kuna kuku. Mwalimu wa hisabati alivaa kaptura ya kubana iliyotufanya wote tutazame pembeni. Shemeji alitaka tuondoke alfajiri, jua likiwa bado changa, eti ndio muda wa picha nzuri.

"Alfajiri hii watu wanapuliza," mke wangu alimwambia.

"Dada, hewa ya asubuhi ndiyo yenyewe. Wewe huwezi kuelewa, hii ni fani."

Mtu aliyezaliwa chini ya mkorosho! Mwezi wa saba, alfajiri, upepo ukiwa umetulia, kila mkulima wa huku yuko shambani na mashine mgongoni anapuliza dawa ya salfa kwenye maua ya mikorosho. Hata mimi Mchaga ninajua. Tuliingia kwenye kona ya kwanza kuelekea Matambarale tukiwa tumejipanga kwa msafara, mjomba mbele na kofia yake, na tukakutana na ukungu wa njano umelala juu ya njia. Hakuna aliyeweza kufunga breki kwa wakati. Tulitoka upande wa pili tunakohoa, macho yanachuruzika machozi, fulana za kijani zimekuwa za rangi isiyo na jina. Mkulima alizima mashine akatutazama. "Poleni," akasema. "Mnakimbilia msiba wa nani?"

Niliona mambo yameisha, na nilifurahi, sifichi. Lakini shemeji alimwosha mjomba uso kwa maji ya chupa, tena kwa mikono yake mwenyewe, akapaza sauti kwamba huko Arusha viongozi wakubwa hupitia majaribu kama hayo na ndio hujulikana kuwa viongozi. Mjomba akavimba. Akapanda tena baiskeli huku anakohoa, akasema kwa Kimwera jambo ambalo mke wangu alinitafsiria kwa uchungu: "Anasema yeye haogopi moshi."

Korongo lenyewe ni lile watu wanalochota mchanga wa kujengea. Miaka yote linaitwa korongo tu. Shemeji alikuwa ameliita Bonde la Mababu, na ubao amesimamisha. Tulishuka kwa kushikilia mizizi. Nyuma yetu mwalimu wa michezo alikuwa amebebeshwa kiti cha plastiki, kwa sababu mgeni rasmi hawezi kukaa chini. Kila kona kiti kikawekwa, mjomba akakaa, sisi tukasimama, shemeji akatoa hotuba.

"Miamba hii mnayoiona ina miaka mingi sana."

"Mingapi?" akauliza mwalimu wa hisabati.

"Mingi, mwalimu. Usiniharibie ziara."

Mjomba alitikisa kichwa kwa kuridhika, akapigwa picha akinyooshea kidole ukuta wa udongo ambao mvua ijayo itauangusha. Akapigwa na nyingine akiwa ameshika kiuno. Kila picha alitaka kuiona, na kila alipoiona alitabasamu zaidi. Mke wangu alinikamata mkono mahali ambapo hapakuwa na sababu ya kushikana mkono, akaniambia, "Baba watoto, mjomba anampenda. Mama anakwenda kukosa shamba." Nilijua ni kweli.

Alasiri tukafika kwenye hilo ziwa. Ziwa ni shimo kubwa ambalo mkandarasi wa barabara alichimba kifusi akaondoka, mvua ikalijaza, ng'ombe wakalikubali. Shemeji alikuwa ameleta boti ya plastiki ya bluu kutoka pwani, juu ya lori la magunia. Ilikuwa ya watu wawili, tena wawili wembamba, na kafi moja. Ukingoni mama mkwe na akina mama wa jumuiya yao walikuwa wamepika ugali wa muhogo na kuku. Aliponiona alivuta kanga usoni, akageukia masufuria. Nilisimama mbali nikamdharau kidogo, na shemeji nikamdharau sana. Niliwaza, huyu mama anawapikia watu waliokuja kula shamba lake, na anawachagulia minofu.

Shemeji alimpakia mjomba, akamzungusha. Mzee alicheka mpaka akina mama nao wakacheka. Alitumbukiza mkono majini, akawapungia watu, akataka wamzungushe tena. Alipotoka, miguu imelowa na kofia imekaa upande, alimshika shemeji bega.

"Mwanangu, jambo hili zuri. Nimelipenda. Tule kwanza, halafu nitasema neno langu."

Mke wangu aliweka sahani chini bila kuigusa. Mwalimu wa michezo alikula.

Wakati huo mimi nilikuwa ndani ya boti. Mwalimu wa hisabati, aliyezungushwa baada ya mjomba, alikuwa ametoka anatapika, nikaambiwa nikae niishikilie isielee. Shemeji akaja na simu yake mkononi. Alitaka picha ya mwisho, ya familia, ya kuweka kwenye ukurasa wa kampuni.

"Dada, ingia ukae na shem."

"Siingii kwenye takataka yako," mke wangu akasema.

Hapo ndipo yule mtaalamu, aliyesahau salfa, alipousahau na utu wake. Akageuka huku na huku kutafuta mtu, jicho lake likiwa kwenye simu tu.

"Basi mama, njoo wewe! Watalii wanapenda sana wazee. Njoo ukae hapo mbele ya shem, mtazamane."

Vijiko vilisimama. Mama mmoja wa jumuiya alisema, "Yesu wangu." Mke wangu alimpigia kelele mdogo wake, "Wewe! Una wazimu?" Mimi niliinua mguu ili niruke majini, nguo na viatu na vyote, maana hakuna mkwe anayekaa mbele ya mama mkwe wake magoti yakigusana, hata kwenye basi, hata msibani. Nilijua mama mkwe atajifunika na kukimbia. Kila mtu alijua hivyo, isipokuwa mwenye simu.

Hakukimbia. Aliweka mwiko juu ya sufuria. Akanawa mikono taratibu, akajifunga kanga upya kiunoni. Akamtazama kaka yake, ambaye alikuwa ameshika paja la kuku na bado hajaelewa. Kisha akaja. Alishika ukingo wa boti, akaingia, akakaa mbele yangu, na kwa kuwa boti ilikuwa ya watu wembamba, magoti yake yaligusa yangu. Uso wake ulikuwa wazi. Ndiyo mara ya kwanza nilipouona vizuri. Alifanana na mke wangu kuliko nilivyodhani.

Niliangalia mikono yangu. Akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, si kwa mtoto, kwangu mimi:

"Piga kafi, mwanangu. Twende katikati. Watuone vizuri."

Nikapiga kafi. Shemeji alikuwa anashangilia peke yake ukingoni, "Safi! Safi sana! Tabasamu, mama!" Akapiga picha. Halafu nikasikia sauti ya mjomba. Sijawahi kumsikia mzee yule akipaza sauti bila kipaza sauti. Alikuwa amesimama, kuku ameanguka, kofia ameivua. Aliita watu wote wa upande wao kwa majina ya koo zao, wawe mashahidi. Alisema kwa Kimwera kisha akarudia kwa Kiswahili ili walimu nao wasikie.

"Mtu anayemkalisha mama yake goti kwa goti na mkwe, na kumpiga picha auze! Huyo nimpe shamba la wazee wangu? Shamba hilo halikatwi mti hata mmoja. Litabaki kwa dada yangu, na baada yake kwa binti zake. Nimesema!"

"Mjomba, kaingia mwenyewe!" shemeji akalia. "Sikumlazimisha!"

Hakuna aliyemsikiliza. Nani angeamini kwamba mama mtu mzima, mwenye akili zake, anaingia mwenyewe?

Mama mkwe alilisikiliza neno la kaka yake mpaka mwisho, mgongo umenyooka. Lilipokwisha alivuta kanga usoni.

"Sasa nirudishe," akasema.

Boti imeuzwa, na shemeji amerudi kaskazini kubeba anachokijua. Simhurumii. Lakini heshima ya mama yule haikurudi kwa urahisi kama boti ilivyorudi ukingoni. Akina mama waliopika naye siku ile walikuwa wakija kila mwaka kumsaidia kuokota korosho. Msimu huo hawakuja. Aliokota yeye na mke wangu, wamebakisha nyingi chini. Mjomba naye aliniita akaniambia mimi na mama mkwe tusionekane tena mahali pamoja, shambani wala njiani, mpaka watu wasahau. Mke wangu alikuwa akirudi Nachingwea jioni na mgongo unamuuma, ananiambia mama amechoka, anainama kwa shida. Mimi nina mgongo mzima na mikono miwili. Nilikaa nyumbani.