Udongo wa Karoti

Hii aibu nawaambia kwa kuwa ni nyinyi, na atakayeipeleka kwenye grupu la wasapu tutakosana. Mnajua natengeneza mabango ya watu wetu hapa London, ya harusi, ya michango ya misiba, yale yenye picha kumi na maua kila kona (chekeni tu). Basi shoga yangu Zuhura akanisemea kazi Croydon, kwenye jiko la jamii linalogawa chakula, wanataka mtu wa mabango, ajira ya kudumu, niache kufagia maofisi.

Wa kuamua alikuwa mwenyekiti wao, bibi wa Kiingereza, akatukaribisha kwake. Mezani ametandaza mchoro wenyewe wa bango la wakati wa vita vya pili vya dunia, kazi ya mkono wa mamake, la kuhimiza watu walime mboga uani maana meli za chakula zilikuwa zinazamishwa. Jamani! Karoti moja, mkono unaing'oa, maneno matatu, basi. Hakuna kompyuta, ni brashi tu, na mwili ukanisisimka, nikainama niutazame kwa karibu.

Sasa nikaona chembe ya udongo imeganda kwenye karoti. Nikajiambia, kitu kizuri hivi kinaachwaje na uchafu? Nikafanya wanachofanya mama zetu wote wakiona mtoto ana tongotongo na wageni wako mlangoni: nikalamba kidole, nikasugua.

Udongo ukatanuka. Nikaongeza mate. Zuhura akanidaka mkono, "We mwanamke, unafanya nini?" na hapo ndipo nilipoona kahawia imechuruzika mpaka kwenye majani. Udongo ule ulikuwa umechorwa, kwa rangi ya maji.

Bibi akavaa miwani, akainama. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe analia na anacheka.

"Ulidhani ni udongo wa kweli?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Wakubwa wa mama yangu kazini walitaka karoti safi. Mama akakataa, akasema karoti iliyong'olewa sasa hivi ina udongo. Waligombana wiki nzima."

Kazi wakampa mwingine, na ni haki yao. Siku hizi nikikaribia mchoro wowote nafunga mikono nyuma, na nitaifunga mpaka naingia kaburini. Lakini kwenye tramu siku ile nilikitazama kidole changu chenye kahawia njia nzima, nikashindwa kukifuta. Mwanamke yule aliupigania udongo ule mbele ya wakubwa, vita vikapita ukabaki, na aliyekuja kuuondoa ni mimi, kwa mate.