Majina Saba Niliyoyabadilisha

Mgeni alifika shuleni kwetu kwa pikipiki, siku ya soko, mvua ikiwa imekatika kidogo. Nilikuwa nikifundisha darasa la nne katika shule ya mbao iliyo juu ya mashamba ya Ngungu, huku Masisi. Nilimwona dirishani akishuka, akafuta matope ya viatu kwenye majani, na kabla hajamsalimu mtu yeyote akatoa futi ya kupimia na kuanza kupima mlango wa darasa langu.

Nilitoka nje.

"Papa, unatafuta nini hapa?"

"Bonjour, Mama Mwalimu. Naangalia kama batoto banaweza kutoka mbiombio."

"Batoke baende wapi?"

Direkta wetu, mkuu wa shule, alikuja haraka akatueleza wote. Mgeni alikuwa ametumwa kutoka Goma kufundisha wanafunzi namna ya kujiokoa ardhi ikitetemeka. Mimi nilimtazama tu. Ardhi yetu hutikisika mara kwa mara. Sahani hulia kabatini, mbwa hubweka, kisha kila mtu anarudi kwenye kazi yake. Mambo mabaya kuliko hayo yalikuwa yametupitia miaka na miaka, na hakuna aliyetumwa kuja kutufundisha chochote. Iweje leo mtu apande vilima kwenye matope kwa ajili ya sahani zinazolia?

Alizunguka jengo. Akapiga kwa kiganja ukuta wa nyuma wa darasa langu, ambao peke yake ulikuwa wa matofali ya udongo, akasema, "Hii ukuta itaanguka." Nilisikia kama ananitisha.

Kisha akabandika ubaoni picha kubwa alizokuja nazo. Moja ilionyesha mtoto chini ya dawati. Nyingine ilionyesha wimbi la bahari refu kuliko nyumba, na watoto wakikimbilia mlimani. Darasa zima lilisimama kulitazama. Mtoto mmoja aliuliza bahari iko upande gani. Mgeni akacheka, akakiri kwamba picha zilichorwa kwa ajili ya watu wa pwani. Ila alisema hata mwenye kuishi karibu na ziwa, akiona maji yanarudi nyuma ghafla, asisimame kushangaa, apande juu. Jioni wazazi walikuwa wanaulizana barabarani: mtu anayeleta bahari Masisi, hiyo bahari inaficha nini?

Zoezi la kwanza lilituaibisha. Direkta aligonga rimu ya gari iliyoning'inia nje, watoto wakatoka wakakimbia moja kwa moja hadi kwenye migomba, na wengine hadi nyumbani. Walikuwa wanajua kukimbia, tena vizuri sana. Walijifunza kwa risasi. Mgeni ilimchukua siku tatu kuwafundisha kinyume chake: ingia chini ya dawati, shika mguu wake, ngoja itulie, halafu toka kwa mstari hadi uwanjani na usiende mbali. Watoto walimpenda. Mimi niliona anawafundisha kukaa mahali pamoja ili wapatikane kwa urahisi.

Siku ya nne akaomba orodha, nakala mbili. Jina la mtoto, la baba, na kilima anachotoka.

"Ni ya nini?" nikamuuliza.

"Mukifika ku uwanja munaita majina. Mwenye haitike, munajua anabakia ndani."

"Na ju ya nini unataka mbili?"

"Moja inabaki kwa Direkta. Ingine inaenda Goma, ku ofisi yetu."

"Nani anaisoma kule?"

Alisema ni utaratibu tu.

Mchana huo mama mmoja muuza maziwa alinisubiri nje. Mwanawe alikuwa darasani kwangu. Wao ni watu wa ng'ombe, sisi ni watu wa mashamba, na kwa miaka mingi tulikuwa tukisalimiana kwa adabu bila kukaribishana ndani.

"Mwalimu, banasema munaandika batoto."

"Tunaandika, Mama."

"Na jina ya baba?"

"Na ya baba."

Aliinua kidumu chake akaenda. Kwetu jina la baba linatosha kumwambia mtu wewe ni wa nani, na nimeishi muda wa kutosha kujua orodha ya majina inaweza kuwafikia wenye bunduki. Nilikaa na kalamu. Watoto saba majina yao yalisema kila kitu, wanne wa upande wao na watatu wa upande wetu. Katika nakala zote mbili niliwaandika kwa majina mengine, majina ya kanisani tu ambayo hayamtaji mtu yeyote. Sikumwambia Direkta. Naye sikumwamini kabisa, kwa sababu alikuwa anacheka na mgeni.

Katika mazoezi hakuna aliyegundua. Darasa langu nililiita mwenyewe, kwa kayé yangu, daftari lenye majina ya kweli.

Wiki kadhaa baada ya mgeni kuondoka, tulikuwa kwenye hesabu za kugawanya niliposikia kama lori linapanda kilima. Barabara ilikuwa imekatika, hakuna lori lililoweza kupita. Chaki ikaviringika mezani.

"Chini!" nikapaza sauti.

Wote waliingia chini ya madawati. Hakuna aliyekimbia. Mbao zililia, vumbi likashuka kutoka kwenye mabati, na mimi nilikuwa nimepiga magoti nikishika mguu wa meza kama wao. Ilipotulia tulitoka kwa mstari. Msichana mmoja alikuwa amepasuka paji la uso, damu ikimwingia machoni, kwa hiyo pale uwanjani nilikaa chini kumfunga kwa kitambaa changu cha kichwa. Direkta, kunisaidia, akachukua orodha yake akaanza kuita darasa langu.

Aliita jina, kimya. Akaita lingine baadaye, kimya. Mimi nilikuwa nasikia kilio cha msichana tu. Kisha nikamsikia akipaza sauti:

"Saba banabakia ndani!"

Akakimbia kuelekea darasani.

Nilichelewa kuelewa. Nilipoelewa, niliinuka nikapiga kelele, "Direkta, rudi! Hao batoto habako! Habako!" Alikuwa ameshaingia. Ardhi ikatikisika tena, kwa muda mfupi, na ukuta wa udongo ukaangukia ndani.

Wanaume wawili waliotoka mashambani ndio waliomvuta nje. Alikuwa mweupe kwa vumbi, bega na mkono vimevunjika.

"Batoto?" akauliza.

"Beko bote hapa."

"Na bale saba?"

Niliwaza kumdanganya tena. Nikashindwa. "Ni miye niliandika majina ya bongo, haiko ya kweli."

"Kumbe natafuta bantu benye habako," akasema, kisha akafumba macho. Walimbeba kwa tipoyi, machela ya mabegani, hadi kituo cha afya.

Nilijieleza mwenyewe mbele ya wazazi, kabla habari haijawafikia kwa mdomo mwingine. Wengine walinikemea, na walikuwa na haki. Lakini yule mama wa maziwa alinifuata hadi nyumbani, akaketi ndani kwa mara ya kwanza, akanishika mkono na kuniambia, "Aksanti, Mwalimu." Ilinichoma kuliko kukemewa.

Mgeni aliporudi kuona ukuta, nilimuuliza tena nani anasoma orodha ya Goma. Safari hii hakuzungumzia utaratibu.

"Mama, sijui. Nilipeana, banaweka mu kabati. Sijui nani iko na ufunguo."

Nilimshukuru kwa jibu hilo, ingawa lilinionyesha kwamba sikuwa nimeogopa bure. Tulikubaliana: Goma wapate hesabu ya watoto tu, bila majina. Orodha ni moja, inakaa shuleni.

Direkta alirudi mkono ukiwa umefungwa shingoni. Kwa mwezi mzima alinisemesha mambo ya kazi peke yake. Siku moja akaniita ofisini, akasukuma karatasi tupu mezani.

"Andika tena. Na kila mara ukiwa na shaka, uniambie miye kwanza. Hata kama ni shaka juu yangu."

"Ni juu yako pia ilikuwa," nikasema.

"Najua."

Nilichukua karatasi, nikaenda nyumba kwa nyumba kuuliza kila mzazi mtoto wake aitwe jina gani uwanjani.