Ombi la Delmer Siku ya Jumatano

Kaka yangu Delmer Stiltner tulimzika mwezi Aprili, juu ya kilima walipolala baba na mama, na mvua ikanyesha mpaka mchungaji akafupisha sala. Tangu siku hiyo watu hunijia na vyakula na kumsifu. Namshukuru Mungu kwa maneno yao. Lakini mwaka wake wa mwisho, karibu kila mtu bondeni kwetu alimtilia shaka, nami nikiwemo.

Delmer alichimba makaa ya mawe tangu alipomaliza shule mpaka mgodi ulipofungwa. Baadaye akapata kazi ya kusukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali ya kaunti. Hakuoa. Tuliishi nyumba moja, mimi mjane na yeye kapera, tukibishana kila siku kuhusu chumvi kwenye maharage.

Hospitali ile ina kitengo cha mapafu, na wachimbaji wetu wa zamani, wenye vumbi la makaa vifuani, wanaishi kwa kukitegemea. Kikifungwa, mtu asiyeweza kuvuta pumzi itambidi avuke milima mpaka jiji la Lexington. Ndiyo maana meneja mpya, Bi Renfro, alipotangaza tathmini ya hali ya afya ya kaunti nzima, ili hospitali ijue wapi iongeze huduma na wapi ipunguze, sisi tulisikia hilo la kupunguza tu.

Vijana wa chuo wakapita nyumba kwa nyumba. Tuliwapa chai ya barafu na kuwajibu wote namna moja: hatujambo. Ndivyo tulivyolelewa. Mgeni akikuuliza hali, wewe ni mzima, hata kama umeshikilia nguzo ya baraza usianguke. Majibu yalipojumlishwa, bonde letu likaonekana lina afya kuliko sehemu yoyote ya kaunti. Watu kama hao wanahitaji kitengo cha mapafu cha nini?

Bi Renfro hakuyaamini majibu hayo. Vitanda vyake vya dharura vilijaa watu wa hapa hapa, walioletwa wakiwa wamechelewa mno. Basi akamwomba Delmer apite yeye kuuliza upya, kwa kuwa ni mwenyeji.

Hapo ndipo shaka ilipohama kutoka kwa vijana wa chuo ikamwangukia yeye. Verlin Hensley, aliyechimba naye zamu moja, hakumkaribisha hata kiti.

"Wamekununua bei gani, Delmer?" alimuuliza. "Maana wewe nakujua, hata sadaka huitoi mpaka uigeuze pande zote mbili."

"Verlin, unakohoa?"

"Nakohoa nikikuona."

Na Verlin huyo huyo, kila Jumatano kwenye ibada ya maombi, mchungaji akiuliza nani ana haja, alikuwa akisimama kuomba aombewe kifua. Wote walifanya hivyo. Kanisani tulijua nani hapandi ngazi na nani analala amekaa kwenye kiti. Lakini kinachosemwa mbele za Bwana hakitolewi nje ya mlango, na Delmer hakukitoa. Alirudi kwa Bi Renfro na majibu yale yale: wazima, wazima, wazima.

Mimi nilikuwa na shaka yangu nyingine. Kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, Delmer alivaa shati lake la kuendea mazishi akaenda hospitali. Nikimuuliza anaonana na nani, alisema watu wa kule. Mwanamke wa dukani aliniambia amemwona akitoka kwa meneja, wanacheka. Nikapekua mifuko ya koti lake nikitafuta barua, ahadi ya cheo, chochote. Nilikuta peremende tu, mfuko umejaa. Nikajiuliza mtu mzima anafanya nini na peremende zote hizo.

Jumatano moja, Ndugu Garland, mchungaji wetu, akauliza nani ana haja. Delmer akasimama ameshika mgongo wa benchi la mbele.

"Niombeeni mapafu," alisema. "Yamekwisha. Kila Ijumaa napimwa pumzi, na dada yangu Orpha hajui kwa sababu namficha kikohozi kwa peremende." Akavuta hewa. "Nimewaomba mniombee. Sasa nawaomba jingine. Hili langu mna ruhusa kulitoa nje. Mwambieni yeyote. Mwambieni meneja. Tukiendelea kuwa wagonjwa humu ndani na wazima barazani, watafunga, na hatutakuwa na wa kumlaumu."

Sikumtazama. Nilitazama kofia yangu mapajani.

Kisha Verlin akainuka, polepole. "Na langu litoeni," alisema. "Lakini yule mama aje alisikie kwangu mwenyewe. Simwamini bado."

Bi Renfro alikuja Jumatano iliyofuata, akasubiri jikoni mwa kanisa mpaka ibada ikaisha. Watu walimwendea mmoja mmoja huku wakila mkate wa mahindi, wakimwangalia kwa jicho la pembeni. Kitengo hakikufungwa. Daktari wa mapafu aliongezewa siku za kuona wagonjwa, na muuguzi akaanza kuja kwenye ukumbi wa kanisa kuwapima watu kabla hawajazidiwa. Kwa Delmer ilikuwa imechelewa. Bwana alimchukua akiwa ameketi, dirisha limefunguliwa.

Wiki iliyopita Bi Renfro alipanda ngazi za baraza langu. Tathmini inarudiwa kila mwaka sasa, na safari hii bonde letu amelichukua mwenyewe. Aliketi kwenye kiti cha Delmer bila kujua ni chake.

"Hujambo, Mama Orpha? Unajisikiaje siku hizi?"

"Mzima," nikasema, kabla sijafikiri.

Hakuandika kitu. Alinisubiri. Nikatazama kule kilimani, nikavuta hewa kama Delmer alivyovuta siku ile.

"Magoti yananiuma," nikasema. "Usiku silali. Na moyo unapiga vibaya tangu mazishi. Andika hayo."

Akaanza kuandika. Nikavaa miwani yangu, nikasogeza kiti karibu yake, nione anaandika nini.